Mambo Niliyofundishwa na Kamera ya Zamani

Watu wengi kijijini kwetu huniuliza, "Mwalimu, kwa nini wahangaika na kamera hiyo kuukuu, nzito kama tofali, na hali simu ya mfukoni hupiga picha zilizo safi kuliko hiyo?" Swali lao ni la haki, na kwa muda mrefu nalikuwa nikilijibu kwa mzaha tu. Leo nataka kulijibu kwa kweli, kwa maana jibu lenyewe lina fundisho ndani yake, na fundisho hilo nililipata kwa gharama ambayo nisingependa mwenzangu ailipe.

Kamera yenyewe ni Sony Mavica, ya aina ile iitwayo FD7, iliyoanza kuuzwa mwaka 1997. Nalipewa mwaka 2013, nilipokuwa mwalimu mpya, na mzee mmoja wa misheni aliyekuwa akifunga mizigo yake arudi kwao. Akanikabidhi kasha, akasema, "Mwalimu, hiki ni kitu cha kale, walakini hakijafa." Nilipolifungua nikaona kamera, betri moja ya kuchaji, na disketi saba.

Vijana wasioijua disketi nawaeleza: ni kibamba cha plastiki chembamba, cha mraba, kinachokaribia upana wa kiganja, na ndani yake mna sahani laini ya sumaku. Zamani ndiyo iliyokuwa daftari ya kompyuta. Kamera hii huipokea disketi ubavuni mwake, na kila upigapo picha husikia ikikwaruza humo ndani, krr, krr, krr, kwa muda wa sekunde kadhaa, kama panya aliye darini. Mpaka ikome huwezi kupiga nyingine. Ikisha kujaa waitoa, waitia katika kompyuta, nawe waziona picha zako pasipo waya wala programu ya pekee. Kwa urahisi huo kamera za namna hii zilipendwa sana katika siku zake. Lakini disketi moja ina nafasi ya megabaiti 1.44 tu, yaani picha ishirini hivi, nayo ikijaa haina huruma. Ukitaka kuongeza moja sharti ufute moja. Yashikeni maneno haya, maana ndiyo yaliyonitia katika majuto yangu.

Basi nikaanza kuipenda kamera ile kama wengine wapendavyo kufuga njiwa. Jioni, nikisha kusahihisha madaftari, nalikaa nayo barazani nikijaribu hili na hili. Naliipiga taa ya kibatari gizani, nikaipiga mvua, nikaupiga mwezi. Siku moja nikaigeuzia rimoti ya televisheni ya jirani, nikabonyeza kitufe, na tazama, katika kioo cha kamera ikaonekana nuru ikimetameta mwishoni mwa rimoti, nayo kwa macho yetu haikuonekana kabisa. Wanafunzi wangu walipoiona walidhani nimefanya mazingaombwe. Nikawaambia kuwa iko nuru ambayo macho ya mwanadamu hayakupewa kuiona, na kamera huiona kidogo. Tangu siku hiyo sikuweza tena kuwafukuza barazani kwangu.

Nao wakaniuliza swali lililonishinda: "Mwalimu, picha hukaa wapi, na hakuna filamu?" Nikaenda kusoma, nikarudi na jibu hili. Fikirini mvua inanyesha, nanyi mmepanga bakuli uani, safu kwa safu, zikajaa ua mzima. Mvua haianguki sawasawa. Chini ya mwembe hupungua, na chini ya mchirizi wa bati huzidi. Mvua ikikoma, mwaenda bakuli kwa bakuli, mwapima maji ya kila moja na kuandika hesabu yake. Mtu akiisoma hesabu ile, hata kama hakuuona ua, ataweza kusema, "Hapa palikuwa na mti, na hapa palikuwa na paa." Nyuma ya jicho la kamera mna kipande cha silikoni, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, nacho kimejaa bakuli za namna hiyo, ila hizo hukinga nuru badala ya maji. Nuru ikianguka hufanya chembe za umeme, na umeme ule hupimwa na kugeuzwa kuwa hesabu. Kifaa hicho kilibuniwa mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith huko Marekani, nao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009, wakiwa wazee.

Kila sehemu ndogo ya picha iliyopimwa hivyo huwa nukta moja, nayo huitwa pikseli. Picha za Mavica yangu zina nukta 640 kwa upana na 480 kwa kimo; zizidisheni, mtapata 307,200. Mwaona ni nyingi? Simu za siku hizi hupiga picha za nukta milioni kumi na zaidi. Lakini wale waliotangulia walianza na chache mno. Mwaka 1957, kabla hata ya kuwako kamera za namna hii, mhandisi mmoja Mmarekani, Russell Kirsch, alichukua picha ya karatasi ya mtoto wake aliyekuwa na miezi mitatu, akaipitisha katika mtambo wa kuisoma na kuigeuza kuwa hesabu za kompyuta. Ilikuwa nukta 176 kwa 176 basi. Nami hupendezwa kukumbuka kwamba mtu yule, katika vitu vyote vya ulimwengu vilivyoweza kutiwa kwanza katika kompyuta, alichagua uso wa mwanawe.

Kisha mwaka 1975 kijana mmoja wa kampuni ya Kodak, Steven Sasson, aliunda kamera ya kwanza ya kidijitali ya kushikwa mkononi, isiyotumia filamu. Uzito wake ulikuwa kama kilo tatu na nusu, na picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa katika kanda ya kaseti. Nukta zake zilikuwa 100 kwa 100, nyeusi na nyeupe tu. Kodak walikuwa wafalme wa filamu, wala hawakuwa na haraka ya kukifanya kitu ambacho kingeua filamu. Wengine wakawapita njiani, na mwezi wa Januari mwaka 2012 kampuni ile ikaenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi. Mwaka 1995 Casio wa Japani walitoa kamera yenye kioo nyuma yake, ili mtu aione picha papo hapo. Kioo hicho kidogo, naona, ndicho kilichobadili mioyo ya wapiga picha kuliko jambo jingine lolote. Lakini hilo nitalirudia.

Ili wanafunzi waelewe habari ya nukta, nalifanya nao jaribio ambalo mwalimu yeyote aweza kulifanya. Nalimpiga picha Mwalimu Mkuu wetu na miwani yake, nikaigawa picha ile katika viraba 30 kwa 30, yaani 900. Tukachora viraba vile kwa chaki sakafuni mwa darasa, kila kimoja upana wa vidole viwili. Nikawasomea kwa safu: palipo giza watie punje ya haragwe jeusi, na palipo nuru watie punje ya hindi jeupe. Kazi ile ilitushika asubuhi nzima ya Jumamosi. Tulipomaliza, watoto wakainama juu yake wakasema, "Mwalimu, haya ni mahindi na maharage tu." Nikawaambia wapande juu ya madawati nyuma kabisa, wafumbe macho nusu. Kukawa kimya. Mara msichana mmoja akapiga kelele, "Mwalimu Mkuu!" na Mwalimu Mkuu mwenyewe, aliyekuwa akipita nje, akachungulia mlangoni akauliza, "Nani ananiita?" Tulicheka hata tukalia machozi. Akaja naye akapanda dawatini kujitazama, akasema kuwa kichwa chake hakina ukubwa ule. Bahati mbaya tulikwenda kunywa uji tukauacha mlango wazi, na kuku wakamla sikio lote la kushoto.

Lakini somo lilibaki. Ukiwa karibu mno huoni ila punje. Ukirudi nyuma, uso huja. Naliwafundisha watoto jambo hilo kwa mahindi, nikidhani nimelijua mimi mwenyewe.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Wakati wa filamu, wazee wetu walipigwa picha mara chache katika maisha. Mpiga picha alikuja kutoka mjini siku ya Krismasi, au siku ya Kipaimara, akawa na filamu ya picha 36, na kila moja ilikuwa na bei yake. Uliyefumba macho, ulilipia macho yako yaliyofumba, ukaiweka picha ile katika Biblia au ukaitundika ukutani, nayo ikawa wewe. Hakuna aliyesema haifai. Kamera yangu ilinipa uwezo ambao mpiga picha yule hakuwa nao, yaani kuiangalia picha papo hapo na kuifuta. Nami nikawa hodari wa kufuta. Huyu ameinama, nikamfuta. Huyu amefungua kinywa, nikamfuta. Mtoto ametikisika, nikamfuta. Disketi zangu zilikuwa zikiharibika moja moja kwa ukungu na vumbi, wala nyingine sikuzipata madukani. Sony wenyewe waliacha kuziuza huko Japani mwaka 2011. Kwa hiyo nafasi ilikuwa adimu, na uadimu huo ukanipa udhuru. Nikajiona mtunza bustani akatae magugu. Kumbe nalikuwa nimejifanya hakimu wa nyuso za watu.

Mwezi wa Agosti mwaka 2015 naliwatembelea wazazi wangu katika likizo. Ilibaki disketi moja tu nzima. Jumapili, baada ya ibada, nikamwambia baba, "Baba, leo nataka nikupige picha ungali umevaa koti." Baba yangu hakuwa mtu wa kujionyesha. Picha yake ya arusi ilikuwa imeliwa na mchwa zamani, naye hakuwa amehuzunika sana. Lakini siku ile alikubali. Akaenda ndani akaleta kigoda chake, akakiweka chini ya mparachichi, akaketi, akaweka mikono magotini. Jua lilikuwa usoni pake. Nikapiga, kamera ikakwaruza, nikatazama katika kioo, nikaona amefumba macho.

Nikamwambia, "Baba, umefumba macho. Nitapiga nyingine."

Akasema, "Nimefumba kwa ajili ya jua, mwanangu. Macho yangu wayajua. Iache ilivyo."

Kabla sijajibu, mama akaita kutoka zizini, "Njoni mwone! Wa pili naye amesimama!" Maana ng'ombe wetu alikuwa amezaa pacha usiku ule, jambo lisilotokea mara nyingi, na bwana mifugo alikuwa ameniomba nimpelekee picha ya ndama wote wawili. Nikakimbilia zizini. Nikaielekeza kamera, nayo ikaniambia kuwa disketi imejaa. Nikatazama upesi picha zilizomo. Nyingine zilikuwa za shule, nyingine za kwaya, na ya mwisho ilikuwa ya baba mwenye macho yaliyofumba. Nikawaza, "Hii nimekwisha kusema nitairudia." Nikaifuta, nikawapiga ndama. Kazi yote hiyo haikupata nusu ya dakika.

Niliporudi chini ya mparachichi, baba hakuwapo, wala kigoda hakikuwapo. Nikasema moyoni, "Kesho." Kesho yake betri ilikuwa imekwisha, na umeme wa jua wa jirani haukutosha kuichaji. Keshokutwa nikasafiri. Krismasi nalikuja bila kamera, kwa sababu mizigo ilikuwa mingi. Mwezi wa Machi mwaka 2016 nikapigiwa simu usiku, nikaambiwa baba ameshikwa na homa ya mapafu. Na kabla sijafika hospitali alikuwa amekwisha kufariki.

Siku ya mazishi wazee wa kanisa wakaniita kando. Mmoja akasema, "Mwalimu, tunahitaji picha ya marehemu itangulie mbele ya jeneza. Wewe una kamera, bila shaka unayo." Ndugu zangu, nimesimama mbele ya wakaguzi wa shule, nimesimama mbele ya wazazi wenye hasira, lakini sijapata kuona haya kama saa ile. Katika kijiji chote nalijulikana kuwa mtu wa kamera. Nalikuwa na picha za kuku, za mvua, za mwezi na za rimoti, na picha ya baba yangu sikuwa nayo. Simu nyingi za pale nyumbani mwaka ule zilikuwa za tochi tu, na ile ya mpwa wangu yenye kamera ilikuwa imeibiwa mnadani. Mwisho tukaichukua picha ya kadi yake ya kupigia kura, ndogo kama stempu, tukaipeleka mjini ikakuzwa. Ilitangulia mbele ya jeneza, ikiwa na uso wa mtu aliyeamriwa asicheke. Bibi mmoja mzee, jirani yetu, aliitazama kwa muda akasema, "Huyu siye. Huyu ni mtu anayeogopa kupitwa na zamu." Maneno yale yalinichoma, kwa kuwa yalikuwa kweli.

Baada ya arobaini nikaitoa ile disketi. Nalikuwa nimesoma kwamba kitu kilichofutwa katika kompyuta hakitoweki mara moja, na ndivyo ilivyo. Mwanzoni mwa disketi mna orodha, kama rejista ya darasa, ionyeshayo kila picha imekaa mahali gani. Ukifuta, picha yenyewe haiguswi; jina lake tu hutiwa alama katika rejista kwamba mwanafunzi huyu ameondoka, na dawati lake laweza kupewa mwingine. Mpaka huyo mwingine aje, wa kwanza angali ameketi palepale, nazo ziko programu ziwezazo kumwita. Nikapata programu ya namna hiyo bure, nikaitia katika kompyuta ya shule, nikakaa usiku peke yangu ofisini nikiisikiliza disketi ikikwaruza, krr, krr, krr. Sijui kama nimepata kuomba kwa bidii namna ile kwa ajili ya kitu kidogo namna ile.

Picha kadhaa za zamani zilirudi. Akarudi mtoto aliyetikisika. Akarudi mwanakwaya aliyefungua kinywa. Baba hakurudi. Mahali pake walikuwa wameketi ndama. Disketi ilipokuwa imejaa, nafasi ilikuwa ile moja tu niliyoifungua kwa kumfuta baba, na picha ya ndama iliandikwa papo hapo juu yake. Wahenga walinena kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Nikaizima kompyuta, nikaenda kulala, na kwa miezi mingi sikuigusa kamera tena.

Mwaka uliofuata mama alikuja kukaa nasi kwa matibabu ya macho. Jioni moja, baada ya kupewa miwani, akaomba aone picha. Nikamfungulia kompyuta nikamwonyesha moja moja. Tulipofika kwenye ndama nikataka kuipita haraka, maana nalikuwa nikiichukia. Akanishika mkono. "Ngoja," akasema. "Mbona baba yako yuko hapa?"

Nikasema, "Mama, hawa ni ndama."

Akaweka kidole juu ya kioo, pembeni kabisa, upande wa kulia, nyuma ya mlango wa zizi. "Huyu hapa. Anarudisha kigoda ndani."

Nikakaribia, sikuona ila doa jeusi. Nikaikuza picha, nikaona viraba tu, kwa sababu kamera hizi, ili picha ikae mahali padogo, huigawa katika viraba vya nukta 8 kwa 8, na kuyaacha yale ambayo jicho halitayakosa sana. Nikahesabu. Doa lile lilikuwa na nukta 14 kwa upana na 52 kwa kimo, yaani 728, katika nukta 307,200. Ni chini ya robo ya moja kwa mia. Uso haukuwapo, macho, yawe yamefumba au yamefumbuka, hayakuwapo. Ndipo nikalikumbuka darasa la mahindi na maharage. Nikairudisha picha katika ukubwa wake, nikaondoka mezani nikasimama mlangoni, nikafumba macho nusu. Akaja. Bega la kushoto limeshuka kidogo, kwa sababu ya mguu wake ulioumia zamani. Koti limemzidi. Kwapani mna kitu cha hudhurungi, nacho ndicho kigoda. Alikuwa akienda zake nyumbani, ametupa mgongo, baada ya kuketi kwa ajili yangu, nami nimemfuta.

Mama alicheka akasema, "Hakupenda kukiacha kigoda nje, usiku mbwa hukitafuna." Mimi nalitoka nje nikasimama gizani kwa muda.

Tazameni basi jambo hili. Picha ile iliyomfuta baba ndiyo iliyomhifadhi. Katika picha niliyoitaka hayumo, na katika picha ambayo sikumtafuta yumo. Sikumwona siku ile, kwa sababu kioo cha kamera hafifu katika jua, na kwa sababu nalikuwa nikiwatazama ndama. Sidai kuwa neema hii yaondoa kosa. Kosa ni langu, nami nimeliungama. Nalikuwa na picha ya baba yangu aliyeketi kwa hiari yake, nikaiona haifai kwa ajili ya macho, naye alikuwa ameniambia kuwa macho yake nayajua. Alisema kweli. Sikuwa na haja ya kamera kunionyesha macho ya baba. Nalihitaji picha iniambie kuwa siku ile aliketi, akaweka mikono magotini, akaningoja.

Nimekwisha kuipeleka picha ya ndama mjini ikachapwa katika karatasi, nayo imetundikwa nyumbani kwa mama. Wageni huuliza kwa nini ametundika ng'ombe sebuleni. Wale waliomjua baba hawaulizi; hukaribia, hurudi nyuma hatua mbili, kisha husema, "Naam, ndiye." Yule bibi jirani aliyeikataa picha ya kadi aliitazama hii, akasema neno moja tu, "Huyu." Mtu hajulikani kwa wingi wa nukta, bali kwa wale waliomtazama akitembea miaka mingi.

Na kwa kuwa siku hizi karibu kila nyumba ina simu yenye kamera, na kila simu ina alama ya kapu la taka, nawaomba wenzangu mshike mambo matatu. La kwanza, usifute picha ya mtu siku ile ile uliyoipiga. Ulale nayo mwaka, kisha uiangalie tena. Huenda dosari uliyoiona leo ndiyo utakayoipenda kesho. Ukikosa nafasi, futa kuku, futa mwezi, usifute mtu. La pili, picha isikae mahali pamoja. Disketi zangu saba zimekufa zote. Na simu huibiwa, huanguka majini, huungua. Iweke katika simu, uiweke na katika kompyuta ya ndugu, na zile zilizo na thamani kwako zichape katika karatasi, mbali na mchwa. La tatu, andika nyuma ya picha jina la mtu na mwaka, maana wale wamjuao hawatakuwapo siku zote, na doa lisilo na wa kulitambua hurudi kuwa doa.

Wale wanaoniuliza kwa nini ningali nayo kamera hii nzito, nawajibu hivi. Simu yangu hupiga haraka, nami husahau niliyoyapiga kabla sijairudisha mfukoni. Hii hukwaruza, hunichelewesha, hunipa nafasi ishirini tu kwa disketi moja niliyoazimwa na rafiki, na kila inapojaa hunilazimisha kuuliza swali moja zito: ni nani nitakayemwondoa? Zamani nalilijibu swali hilo kwa nusu dakika. Siku hizi disketi ikijaa huifunga kamera, nikaketi karibu na huyo mtu niliyetaka kumpiga picha, nikazungumza naye mpaka jua litue.

Kwaherini, ndugu wasomaji. Kama baba au mama yenu yu hai, mwendeeni wiki hii. Akifumba macho, iacheni ilivyo.